Si Kila Tundu ni Ufa

Wahenga wetu walituachia usia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usia huo ni mwema, nami nimeufuata miaka mingi. Juma hili nataka kukusimulia jinsi nilivyoufuata kupita kiasi, hata nikakaribia kumpoteza mtoto wa dada yangu.

Nyumba ninayoishi hapa Dar es Salaam ni ya matofali na bati, kama nyumba nyingi za mji huu. Juu ya kila dirisha, karibu na dari, fundi aliacha matundu ya hewa. Tulipohamia tuliona matundu hayo ni kero tupu. Mbu walipitia humo, vumbi la barabarani lilipitia humo, na usiku mmoja alipitia popo. Basi Jumapili moja nilipanda juu ya meza, nikakunja magazeti ya zamani, nikayasokomeza katika kila tundu. Baadhi ya magazeti hayo, nakiri, yalikuwa yamechapisha mazungumzo yangu haya haya. Nikashuka nikijiona baba mwenye nyumba hodari.

Miaka ikapita. Yakaja masika, mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, uani kukawa hakupikiki. Mpwa wangu, binti wa miaka 14, akaingiza jiko la mkaa ukumbini, akabandika maharage, akafunga mlango wa uani ili maji yasiingie. Mkaa ulikuwa umekolea vizuri, hauna moshi hata kidogo. Kwa kuwa hatukuona moshi, hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Maharage hayajaiva, binti akaniita: "Mjomba, kichwa kinanigonga." Mara akatapika. Mara miguu ikamwisha nguvu. Mimi nikasema malaria hiyo, kama ambavyo wazazi wengi wa mji huu wangesema. Tukamtoa barazani kungoja teksi, na kwenye upepo pale akapata nafuu kidogo. Huko zahanati kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Ndipo muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akaniuliza: "Baba, leo mlipikia wapi?" Nilipomjibu akatikisa kichwa. "Mshukuru Mungu kwamba mlimtoa nje," akasema, akatuandikia kwenda hospitali kubwa apewe oksijeni.

Binti alipona. Lakini usiku ule nilirudi nyumbani, nikawasha taa, nikatazama juu. Magazeti yangu yalikuwa pale pale, yamegeuka rangi ya kahawia, yamefumwa utando wa buibui.

Msikilizaji, mkaa unaowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huishiwa hewa huku anapumua. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, ndiyo maana tunaidhania malaria. Aliyelala huenda asiamke. Kwa hiyo jambo la kwanza ni hili: jiko la mkaa lisiingie ndani, hata kama matundu yote yako wazi. Na likimpata mtu, mtoe nje kwenye hewa upesi, kisha mkimbize hospitali.

Jambo la pili ni hayo matundu yenyewe. Wazee wetu wa pwani walijua kazi yake. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi unaoanzia mlango wa mbele mpaka uani, ili upepo uingie huku utokee kule, uwe wa kaskazi au wa kusi. Sisi tumeziba matundu, tukaweka madirisha ya vioo ya kusukuma ambayo hufunguka nusu tu, kisha tukalalamika kwamba nyumba ina joto na watoto hawaishi kukohoa. Hata kifua kikuu hupenda chumba kama hicho, maana vijidudu vyake huelea kwa saa nyingi hewani mahali ambapo hewa haibadiliki.

Wako watakaosema, mimi nina kiyoyozi, hayo hayanihusu. Ndugu yangu, kiyoyozi cha ukutani cha majumbani kwa kawaida hakileti hewa mpya. Huvuta ile ile iliyomo chumbani, huipoza, huirudisha. Na chujio lake likijaa vumbi, mashine hufanya kazi ya punda, hula umeme, tena hupoza kidogo.

Basi tufanyeje? Mimi sasa nimejiwekea siku mbili kwa mwaka: moja kabla ya masika, nyingine kabla ya kaskazi kuanza. Nafunga kitambaa puani na mdomoni, napanda ngazi na brashi kavu, natoa utando, vumbi na viota vya nyigu kwenye kila tundu, kisha napitisha kitambaa kibichi. Kwa ajili ya mbu nimepigilia wavu mwembamba kwa ndani, na usiku tunalala ndani ya chandarua. Nyavu za madirisha nazo huziba kwa vumbi na mafuta ya kupikia. Zioshe kwa maji ya sabuni na brashi laini. Ikiwa mpaka rangi alizipaka pamoja na fremu, zibadilishe, maana hazipitishi kitu.

Pangaboi lizime kwanza kwenye swichi kubwa. Chukua foronya kuukuu, livishe kila panga, kisha ivute taratibu. Vumbi litabaki ndani ya foronya badala ya kukuangukia machoni. Chujio la kiyoyozi litoe kila mwezi, lioshe kwa maji, likauke kivulini, ndipo ulirudishe. Na kila siku fungua madirisha ya pande mbili angalau kwa muda, chumba kibadilishe hewa.

Ukitaka kujua kama tundu linafanya kazi, fukiza ubani kidogo, ukisogeze chetezo karibu nalo. Moshi ukivutwa kutoka, au ukisukumwa kurudi ndani, hewa inapita. Ukipanda wima kana kwamba hakuna tundu, chukua brashi.

Neno la mwisho ni kwa wenye nyumba za kupangisha. Wapo wanaoziba matundu kwa saruji ili kuzuia wezi, na wapo wanaogawa chumba kimoja viwili, kimoja kikabaki bila dirisha. Wezi huzuiwa kwa nondo, na nondo hupitisha hewa. Mpangaji anapolipa kodi, amelipia na pumzi yake.

Nami nimejifunza, kwa gharama ambayo nusura iwe kubwa, kwamba si kila tundu ni ufa. Leo jioni, kabla hujalala, tazama juu ya dirisha lako. Ukikuta gazeti, hata likiwa hili, liondoe.

Mpaka juma lijalo, kwa heri.