Muhali na Haki ya Mtoto: Fundisho Kutoka Filamu ya Kikorea

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika mkutano wa wazazi, vijana na wajumbe wa kamati, Ole, Pemba

 

Vijana wetu wanapenda tamthilia za Kikorea, na wazazi wengine wanazilalamikia. Leo naomba tuitumie filamu moja ya huko kama kioo. Inaitwa Mother, maana yake Mama. Iliongozwa na Bong Joon-ho mwaka 2009, yule yule ambaye filamu yake nyingine, Parasite, ilitwaa tuzo kuu ya Oscar mwaka 2020. Si filamu ya watoto, ila kisa chake mtu mzima wa Ole atakielewa bila mkalimani.

Mama mmoja maskini anauza mitishamba. Ana mtoto mmoja tu wa kiume, kijana mwenye akili nzito. Msichana wa shule anauawa, na polisi kwa haraka wanamtia kijana huyo sahihi kwenye maelezo ya kukiri. Mama anaamini mwanawe hana hatia, naye anaanza kuchunguza mwenyewe. Sisi watazamaji tunamwombea afanikiwe. Hatimaye anampata mzee mwokota vyuma chakavu aliyeshuhudia tukio, naye anamwambia kwamba aliyeua ni mwanawe kweli. Mama anamuua mzee yule na kuichoma nyumba yake.

Baadaye polisi wanamkamata kijana mwingine, naye mwenye ulemavu wa akili, na mtoto wa mama yule anaachiwa. Mama anakwenda kumwona mfungwa huyo na kumuuliza kama ana mama. Hana. Mama analia, lakini ukweli hausemi.

Ndugu zangu, sisi hapa Unguja na Pemba tuna neno moja kwa jambo hilo: muhali. Ni ile haya ya kumfikisha jamaa au jirani mbele ya sheria. Muhali una asili njema, maana umetufundisha kustahiana na kusitiriana. Lakini katika kesi za udhalilishaji wa watoto umekuwa kichaka cha mhalifu. Mtoto anasema, wazee wanakaa, mtuhumiwa ni ami au mkwe, panatolewa fedha au panapangwa ndoa. Siku ya mahakama shahidi haonekani, na kesi inaanguka kwa kukosa ushahidi.

Wengine husema, damu nzito kuliko maji. Nakubali. Lakini mama wa kwenye filamu alikuwa na mtoto mmoja. Katika nyumba zetu, mara nyingi aliyeumiza na aliyeumizwa wote ni damu yetu. Tunapomficha mtu mzima kwa jina la undugu, hatujaulinda undugu. Tumemchagua ndugu mmoja na kumtupa mwingine, na anayetupwa ni yule mdogo asiyeweza kujitetea.

Filamu ile inamalizika mama akijichoma sindano pajani, mahali anapoamini panasahaulisha machungu. Sindano hiyo watoto wetu hawana. Mtoto aliyeambiwa anyamaze anaendelea kulibeba: anakojoa kitandani, anaogopa watu, anaacha shule. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Dini zetu hazitupi kichaka cha kujificha. Sura An-Nisaa, aya ya 135, inamtaka muumini asimamie uadilifu hata kama ushahidi utamgusa yeye mwenyewe, wazazi wake au jamaa zake. Katika Samweli wa Kwanza, mlango wa 3, kuhani Eli anahukumiwa kwa kuwa aliujua uovu wa wanawe asiwazuie. Eli alikuwa mtu wa ibada, wala kosa lake halikuwa chuki. Lilikuwa muhali.

Sheria nazo zipo. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011, na mwaka 2021 zilianzishwa mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji. Lakini hakimu hawezi kuhukumu kwa ushahidi uliobaki jikoni kwetu.

Basi naomba tukubaliane mambo manne.

Kwanza, mtoto akisema, asikilizwe bila kufokewa, wavulana pia. Wao wanaumizwa, na aibu huwafunga mdomo.

Pili, asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe. Apelekwe haraka kituo cha Mkono kwa Mkono, Hospitali ya Chake Chake. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116.

Tatu, tusimhukumu mtu kwa uvumi. Filamu ile inatuonya pia juu ya hilo: aliyefungwa mwishoni ni yule asiye na wa kumsemea. Kumpeleka mtuhumiwa kwenye vyombo vya sheria kunamlinda hata asiye na hatia.

Nne, na hili nawaelekea wajumbe wa kamati na wafadhili wetu: shahidi asikose mahakamani kwa ajili ya nauli. Tumezoea kuchangia mabati na visima, mambo yanayoonekana na kupigwa picha. Nauli ya mama mmoja kutoka Ole kwenda Chake Chake, kila kesi inapoahirishwa, haina picha ya kupiga. Lakini bila hiyo mhalifu anarudi nyumbani. Naomba iingizwe kwenye bajeti zetu.

Yule mama alimuuliza mfungwa, huna mama? Mtoto wa Ole asiulizwe swali hilo tukiwa hai sisi tuliokaa hapa.