Kibao cha "Mheshimiwa" mbele ya gari: sheria inasema nini?

Haya ni maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana mtaani kwetu. Nayaweka hapa vipande vipande kwa wale hamkufika. Sitaji mtu wala chama.

1. Uchaguzi ukikaribia, mnayaona. Gari kubwa jeusi, na kwa bampa ya mbele kibao kinang'aa: "Mheshimiwa", "Mjumbe", ama jina la mwaniaji na mwaka. Ukiuliza namba iko wapi unajibiwa: "Wacha wivu, hata Marekani watu huweka kibao chochote." Haya, tuanze na hiyo Marekani.

2. Ni kweli, lakini nusu. Kule kila jimbo lina sheria yake. Florida, Pennsylvania, Michigan na Georgia hutoa namba ya nyuma pekee kwa gari la kawaida. Mbele panabaki wazi, kwa hivyo mtu anaweka nembo ya timu ama jina la mkewe. Lakini California, Texas na New York zinataka namba mbele na nyuma. Huko ukitoa namba ya mbele uweke pambo, unapigwa faini. Pambo hukaa pale sheria haikuitisha namba.

3. Sasa rudi nyumbani. Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, inataka namba mbele na nyuma, na zionekane. Hapo mbele tayari pana mwenyewe. Ukiweka "Mheshimiwa" juu ya namba, umeficha namba, na hilo ni kosa. Na hata ukikiweka kando, kibao hicho hakikupi ruhusa ya kuruka foleni wala kupita taa nyekundu.

4. Mtu atasema: "Na uhuru wa kujieleza, Kifungu cha 33?" Swali zuri. Kule New Hampshire, George Maynard aliziba maneno "Live Free or Die" kwenye kibao chake kwa sababu yalipingana na imani yake. Alilala jela siku 15. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba serikali haiwezi kumlazimisha abebe ujumbe wake. Lakini angalieni: aliziba msemo tu, namba akaiacha ionekane.

5. Mbona basi nasumbuka na kipande cha bati? Kwa sababu namba ndiyo jina la gari mbele ya umma. Mwanaboda akigongwa, ama kibanda cha mama mboga kikivunjwa na msafara, swali la kwanza kituoni ni: "Ulishika namba?" Ukijibu, "Niliona tu imeandikwa Mheshimiwa," utaambiwa ukae kwa benchi. Waheshimiwa ni wengi nchi hii.

6. "Lakini kiongozi ana maadui, anahitaji usalama." Sawa, ndiyo maana wengine wana walinzi. Lakini gari la serikali lina GK na la kaunti lina CG, ili mlipa kodi aone mali yake imeegeshwa wapi Jumapili jioni. Anayeziba hizo herufi anajificha kutoka kwako wewe unayenunua mafuta yake.

7. Hapa ndipo inauma. Baada ya maandamano ya Juni 2024, vijana walitekwa, na tukasikia habari za magari yasiyo na namba. Tulipiga kelele, na tulikuwa na haki. Sasa mgombea tunayempenda akija na gari lililozibwa namba, tunamkimbilia kupiga naye picha! Tukizoea gari lisilo na namba kwa rafiki, tutalikataa vipi likija usiku kwa jirani?

8. Kwa hivyo msafara ukifika kwenu, msichome kitu na msitukane mtu. Ulizeni tu, kwa heshima na mbele ya watu: "Mheshimiwa, namba ya gari iko wapi?" Anayetaka kura yako hawezi kukosa jibu la swali hilo.

Nimemaliza. Maswali wekeni hapa chini, nitajibu. Matusi pelekeni kwingine.