Siku 28 Zilizopita: Tunavyoipima Nafuu ya Mraibu

Hotuba ya Afisa Ustawi wa Jamii katika mkutano wa wakazi wa kata



Katika mkutano uliopita mzee wetu mmoja aliuliza swali ambalo sikulijibu ipasavyo. Alisema: "Hawa vijana wanaokunywa dawa kliniki kila siku, wangapi wameacha unga? Na anayepimwa mkojo akakutwa bado anatumia, kwa nini asiondolewe, nafasi apewe mwingine?" Swali hilo ni la haki, kwa kuwa huduma hii ni ya umma. Leo nimekuja kulijibu.

Kwanza, tuelewane kuhusu dawa yenyewe. Methadoni ilianza kutolewa nchini mwaka 2011 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, kisha huduma ikafika mikoa mingine, ikiwemo Mbeya, Mwanza na Dodoma. Mgonjwa hunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Dozi moja humkinga na arosto kwa takriban siku nzima, hivyo haamki alfajiri akihangaikia fedha ya unga. Wengi huihitaji kwa miaka. Mwenye kisukari anayemeza vidonge kila siku hatumwiti aliyeshindwa. Basi na huyu tusimwite hivyo.

Pili, kipimo cha mkojo. Hicho hutueleza kama mtu ametumia heroini katika siku chache zilizopita. Hakitwambii ametumia mara ngapi, wala anaishije. Tuchukue mfano. Kijana anaanza tiba. Katika siku 28 zilizotangulia ametumia unga siku zote 28, amechangia sindano na wenzake siku 10, na hakufanya kazi hata siku moja. Baada ya miezi mitatu tunamwuliza maswali yale yale. Ametumia siku 4, hakuchangia sindano kabisa, na amebeba mizigo sokoni siku 15. Mkojo wake ukipimwa siku hiyo huenda ukaonyesha heroini, sawasawa na siku ya kwanza. Tukiusikiliza mkojo peke yake, tutasema hajabadilika. Mama anayeishi naye atatushangaa.

Ndiyo maana tunamlinganisha mtu na nafsi yake ya jana, wala si na jirani yake. Nchini Uingereza dodoso la namna hii limetumika katika huduma za uraibu tangu mwaka 2007. Huulizia siku 28 zilizopita: matumizi, kujidunga, kazi, makazi na uhalifu. Kisha mgonjwa mwenyewe huipa alama afya ya mwili wake, afya ya akili yake na hali ya maisha yake, kuanzia 0 hadi 20.

Mtasema, je, akidanganya? Yawezekana. Kwa hiyo kipimo cha mkojo kinabaki, kiwe shahidi wa pili. Lakini mgonjwa atasema kweli pale tu anapojua kwamba kweli haitamfukuzisha.

Tatu, na hili ndilo zito, kumwondoa. Mtu akikaa majuma kadhaa bila heroini wala methadoni, mwili wake hupoteza uzoefu wa dawa. Akirudia kiasi kile alichokizoea zamani, pumzi huweza kupungua hadi ikakoma. Anayetoka katika tiba kabla ya wakati yumo hatarini kuliko aliyebaki. Tukiwaondoa wote wanaoteleza, hesabu ya kliniki itapendeza kwenye karatasi, nasi tutakwenda kuzika. Anayeteleza huongezewa uangalizi: dozi yake huangaliwa upya, naye hukaa na mshauri.

Basi mtupime kwa nini? Kipimo cha kwanza kiwe hiki: kati ya walioanza, wangapi bado wanahudhuria baada ya mwaka mmoja? Kisha muulize kama siku za matumizi zimepungua, kama kuchangia sindano kumekoma, kama wenye kifua kikuu na virusi vya UKIMWI wanameza dawa zao, na kama watu wamerudi kazini na nyumbani. Takwimu hizo zinafaa kuletwa mbele yenu, kwa jumla na bila majina, kwani siri ya mgonjwa ni amana.

Nanyi mna sehemu yenu. Mkiona kijana amekosa kwenda kliniki siku mbili, msingoje ya tatu. Mwambieni ndugu yake au mwelimishaji rika. Mwenye kumpa kibarua amruhusu akanywe dozi yake kwanza. Na neno "teja" tuliache. Anayeitwa hivyo mbele ya watu hujificha, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Mzee wangu, uliuliza wangapi wameacha. Mimi nakuomba uulize pia wangapi wangali hai, na mwezi huu wamepita vipi. Tukiyajibu hayo kwa uaminifu, jibu la swali lako litakuja kwa wakati wake.