BANYAMBALA WALITWAA UBINGWA, TIMU ILIKUWA YA NANI?

Vijana wenzangu wa Mbeya na Iringa, sikuja kuwasimulia Arsenal na Manchester. Hao mnawajua kuliko mnavyowajua majirani zenu. Nina swali moja tu. Ni timu gani ya kwetu iliyopanda daraja, ikaingia ligi kuu, na msimu huo huo ikawa bingwa wa Bara mbele ya Simba na Yanga?

Kama hujui, usione haya. Hata mimi nilikuwa sijazaliwa. Ni Tukuyu Stars, mwaka 1986. Mashabiki waliwaita Banyambala, yaani wanaume kwa Kinyakyusa.

Mwaka ule Bara haikuwa na televisheni. ITV ilianza 1994. Mpira ulisikilizwa Redio Tanzania Dar es Salaam, na mwenye redio yenye betri nzima alijaza watu uani. Soka lilikuwa la ridhaa. Mseto ya Morogoro ilikwishatwaa ubingwa mwaka 1975, lakini Morogoro ni mkoa. Tukuyu ni makao ya wilaya tu, mji wa mvua, ndizi na chai!

Kisha ikawaje? Vigogo wakaja kuchuma. Godwin Aswile na Salum Kabunda "Ninja" wakavaa jezi ya Yanga. Simlaumu mchezaji hata kidogo, tumbo halina likizo. Nauliza, Tukuyu ilibaki na nini? Ubingwa ule haukurudi tena. Vibanda vya video vimejaa, lakini kijana wa Rungwe leo anasimuliwa 1986 kama hadithi ya bibi.

Sasa twende Uingereza mnakokupenda. Wimbledon ilikuwa daraja la nne mwaka 1983. Mwaka 1986, ule ule wa Banyambala, ikapanda daraja la kwanza. Mwaka 1988 ikaifunga Liverpool 1-0 fainali ya Kombe la FA. Mwaka 2002 wenye timu wakaruhusiwa kuihamishia Milton Keynes. Mashabiki walilia? Walilia, halafu wakafuta machozi, wakaunda AFC Wimbledon mwaka huo huo, wakasajili vijana waliojaribiwa kwenye kiwanja cha wazi, wakaanzia daraja la tisa. Mwaka 2011 walikuwa wamerudi kwenye ligi ya kulipwa. Timu ni yao.

Hapo ndipo penye tofauti, ndugu zangu. Sisi tuna mapenzi ya jukwaani tu.

Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, ilipanda 2013 na kumaliza ya tatu, juu ya Simba. Mwaka 2015 kocha Juma Mwambusi na Deus Kaseke wakaenda Yanga. Mwaka 2023 timu ikashuka, ikarudi 2025. Lipuli ya Iringa iliichapa Yanga 2-0 pale Samora mwaka 2019, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Fainali ikafungwa 1-0 na Azam kule Lindi. Mwaka uliofuata ikashuka daraja. Mnaiona njia? Ni ile ile ya Banyambala.

Hata viwanja vya Sokoine na Samora ni mali ya CCM. Timu inaingia kama mpangaji. Mpangaji asiye na wanachama atadai nini?

Basi tusingoje mfadhili. Timu ya mtaani kwako ina katiba? Umewahi kuisoma? Una kadi, unalipa ada, hata kama ni bei ya soda? Mchezaji akiuzwa, fedha zinasomwa mbele ya wanachama, au zinaishia mfukoni mwa watu watatu? Uliza Jumamosi hii, kabla mpira haujaanza. Ukijibiwa kwa ukali, uliza tena, na uende na wenzako kumi.

Kutwaa kombe tunaweza, Tukuyu walishatuonyesha. Kazi iliyobaki ni kuwa na timu ambayo hakuna wa kuibeba usiku.