Mazoezi kwa Mgonjwa Anayepungukiwa Nguvu Polepole

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii hapa Kaaleng.

Leo nazungumza na wale ambao nyumbani mwao kuna mtu mzima ambaye miguu inamwacha kidogo kidogo. Mwaka jana alienda kuchota maji mwenyewe. Mwaka huu anashika mlingoti wa nyumba akitaka kuinuka. Hakuanguka, hakupigwa. Mguu unaburutika tu, unachoka, unakakamaa kama kijiti.

Moja ya magonjwa yanayoleta hali hii ni maltipo sklerosisi, ambao madaktari huuita MS kwa kifupi. Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za umeme, na kila waya una gamba lake la juu. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikalishambulia gamba hilo ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Basi ujumbe unaotoka ubongoni kwenda mguuni unachelewa njiani, au haufiki. Kwa wagonjwa wengi unakuja na kutulia, unakuja na kutulia. Kwa wengine unazidi polepole bila kurudi nyuma, na hao ndio ninaowazungumzia. Ugonjwa huu hauambukizi, kwa hivyo msimtengee mgonjwa kikombe chake. Wala si laana ya mtu.

MS ni nadra huku kwetu karibu na ikweta, umezidi katika nchi za baridi kama Uingereza na Kanada. Lakini nadra si kusema haupo. Kuuthibitisha kunahitaji daktari wa mishipa ya fahamu na picha ya MRI, na kwa watu wa Turkana hiyo mara nyingi ni safari ya Eldoret.

Kwa sababu hiyo, kabla ya zoezi lolote, mgonjwa aonwe kwanza. Hapa naomba usikilize vizuri. Huku kwetu miguu inayolegea pamoja na maumivu ya mgongo, kukonda na jasho la usiku inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Hicho kina dawa, na ukianza kumkunja mtu huyo unaweza kumvunja. Mtu aliyelegea upande mmoja ghafla apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, mwambie mhudumu wa afya mara moja, kwa sababu lazima apimwe polio.

Sasa tuje kwenye mazoezi. Zamani hata madaktari walimwambia mgonjwa wa MS apumzike tu, asijichoshe. Mwaka wa 1996 watafiti wa Utah, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 54. Baadhi yao walifanya mazoezi kwa wiki 15, wakapata nguvu zaidi, na hata moyo wao ukachangamka. Tangu hapo ushauri umebadilika. Mazoezi hayarudishi lile gamba lililoliwa, nisikudanganye. Lakini sehemu ya udhaifu unaouona si ya ugonjwa. Ni ya kukaa. Hiyo ndiyo tunayoweza kuipunguza.

Nilimtembelea mama mmoja ambaye mkwe wake alimpenda sana. Alimletea kila kitu mkekani, chakula, maji, hata moto wa kuota. Nilipofika, miezi mingi ilikuwa imepita na magoti yalikuwa yamejikunja, hayanyooki tena. Makalio yalikuwa na kidonda. Mkwe yule hakukosea kwa ubaya, hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Nami nilifika nimechelewa.

Jambo la kwanza ni joto. Mgonjwa wa MS mwili ukipata joto, miguu hulegea zaidi na macho huweza kuwa na ukungu. Akipoa hurudi kama alivyokuwa, hakuna kilichoharibika, ila anaweza kuanguka kabla ya kupoa. Na sisi tunaijua Turkana na jua lake! Kwa hivyo mazoezi yafanywe alfajiri, kabla jua halijapanda, au jioni likishatua. Aloweshe kitambaa akizungushe shingoni. Kikombe kimoja cha maji kinatosha, sikuombi mtungi mzima. Na anywe maji. Wengine huogopa kunywa kwa sababu mkojo unawabana, halafu wanazidi kuchoka na kufunga choo.

Anza kwa kunyoosha. Mgonjwa alale chali. Shika kisigino chake kwa kiganja, goti likiwa limenyooka, sukuma nyayo polepole kuelekea usoni mwake hadi uhisi mshipa umekaza. Hesabu hadi 30 bila kurusharusha, kisha uachie. Rudia mara tatu kila mguu, kila siku. Mguu ukitetemeka au ukikakamaa, usishindane nao, ngoja utulie. Kisha uinue mguu mzima ukiwa umenyooka, upate na nyuma ya paja.

Kama anaweza kukaa, zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kuketi na kusimama. Ekicholong ni kifupi mno kwa kazi hii, tafuteni kiti cha kawaida, mkiegemeze mahali kisiteleze. Asimame polepole, akae polepole, mara tano. Apumzike. Tena mara tano. Mwili ukizoea, aongeze. Zoezi hili ndilo litakalomwezesha kwenda chooni bila kubebwa, na mtu mzima anajua thamani ya hilo.

Anayetembea atembee, lakini kwa vipande. Aende hadi mti wa kwanza, aketi, aende wa pili. Apumzike kabla hajachoka, si baada ya kuchoka. Akifanya hivyo hadi nusu saa, mara mbili kwa wiki, inafaa, na si lazima iwe kwa mfululizo. Kipimo ni mazungumzo: akishindwa kuzungumza, amezidisha. Fimbo aishike upande wenye nguvu, si upande mbovu kama wengi wanavyofanya. Kwa kusimama, chimbieni miti miwili kivulini na kuifunga boriti kwa urefu wa kiuno. Hiyo inatosha.

Asiyeweza kuinuka, mgeuze kila saa mbili, na kila asubuhi angalia makalio, visigino na mgongo. Pakiwa pekundu au peusi kuliko kawaida na rangi hairudi, asilalie hapo. Mkunjue magoti na viwiko, mfanye avute pumzi ndefu mara kumi. Miguu yake inaweza kuwa haisikii moto, kwa hivyo msimweke karibu na jiko.

Na wewe mama unayemtunza, mgongo wako pia ni mgongo. Usimvute kwa mikono yake. Piga magoti, mkaribie, hesabuni moja, mbili, tatu, mwinuke pamoja. Mwite na kijana mmoja wa nyumba, kazi hii si ya mke au binti peke yake.

Siku akiwa na homa, mazoezi yasimame hadi ipoe, na homa yenyewe ipimwe malaria. Idara ya tiba ya viungo ipo katika hospitali ya rufaa ya Lodwar. Ukipata usafiri wa kwenda huko, mpeleke akapimiwe fimbo ya urefu wake, na uombe wakuonyeshe mazoezi kwa mikono yako mwenyewe, si kwa maneno tu.

Wiki ijayo tutazungumza kuhusu mkojo na choo kwa mgonjwa wa namna hii. Maswali yenu mumpe mhudumu wa afya wa kijiji, ataniletea.