Mboga Ikizeeka, Faida Yake Hupungua

Mada yetu leo ni kuzeeka kwa mboga.

Labda utauliza, mboga nayo huzeeka? Ndiyo. Jani la sukuma wiki, saga au managu likichumwa halifi papo hapo. Huendelea kupumua. Katika kupumua huko hutokea aina kali ya oksijeni ambayo hulila jani polepole, kama kutu inavyokula jembe. Lakini jani bichi lina askari wake: vimeng'enya, pamoja na vitamini C. Kimeng'enya kimoja huitwa katalesi. Hata wewe unacho mwilini. Kidonda kikioshwa kwa haidrojeni peroksaidi hutoa povu. Hiyo ni kazi ya katalesi.

Jani likikaa juani, askari hawa huchoka. Vitamini C hupungua, rangi ya kijani huvunjika, na jani hugeuka manjano.

Hasara ni gani? Madini ya chuma yangalimo, lakini vitamini C ikipungua mwili huyapokea kidogo tu. Wanaoumia kwanza ni mama mjamzito na mtoto mdogo, kwa upungufu wa damu. Na mama mwenye damu kidogo akivuja damu anapojifungua, maisha yake yamo hatarini.

Kwa hivyo fanya hivi:

1. Chuma mboga asubuhi mapema au jioni, uzipike siku hiyo hiyo.

2. Ukiuza sokoni, ziweke kivulini, uzifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu.

3. Osha kabla ya kukata, si baada. Pika kwa muda mfupi.

4. Unapopika mrenda au kunde, punguza magadi. Magadi huharibu vitamini C.

5. Kula pera au chungwa pamoja na chakula. Chai ingoje angalau saa moja, kwa sababu huzuia chuma kuingia mwilini.

Mama mjamzito, mboga hazichukui nafasi ya tembe za kuongeza damu. Nenda kliniki mapema upimwe damu, na umeze tembe ulizopewa. Baba, mkumbushe.

Majani ya manjano wape ng'ombe na kuku. Ya kijani yawe ya watoto.