Jembe, nyumba na kura ya Rufiji

Ukitaka kwenda Maparoni huulizi basi linaondoka saa ngapi, unauliza maji. Yakipwa, mashua hukaa kwenye tope la mikoko, na wewe humo humo. Niliyangoja, kinasa sauti mapajani, kwa kuwa nilitaka kumpata mtu aliyepiga kura mwaka 1965.

Sisi tuliokuwa hatujazaliwa hudhani chama kimoja maana yake hapakuwa na la kuchagua. Kwa Rais ni kweli: Mwalimu Nyerere peke yake, ndiyo au hapana. Kwa ubunge, sivyo. Karibu kila jimbo TANU ilisimamisha watu wawili, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague.

Na Rufiji ikamwangusha Bibi Titi Mohamed. Tuelewane hapa. Huyu ndiye aliyewatoa akina mama wa Dar es Salaam kwenye vikundi vya lelemama akawaingiza TANU, wakati wanaume wengi bado wanaogopa kadi. Mwaka 1965 alikuwa kiongozi wa UWT na waziri mdogo. Mkulima wa mpunga na mvuvi wa kamba wakasema basi. Mwaka huo huo Waziri wa Fedha, Paul Bomani, naye alianguka.

Mzee niliyempata ana miaka themanini na ushei. Nikamuuliza, "Babu, ulichagua jembe au nyumba?"

Akacheka. "Kura ni siri, mjukuu wangu."

Miaka zaidi ya 50, bado siri! Nikakumbuka Marekani ya karne ya 19. Walipochagua magavana wao, karatasi za kura zilichapwa na vyama vyenyewe, mara nyingi za rangi rangi, hivyo tajiri wako akisimama kando alijua umempa nani. Kura ya siri ilianza kuenea majimboni mwao kuanzia 1888. Babu yangu wa Maparoni hakuhitaji kusimuliwa hayo. Kumnyima kura waziri wa serikali iliyopo madarakani si mchezo, na anayekuuliza huwezi kujua katumwa na nani.

Nikajaribu tena. Akakitazama kinasa sauti.

"Hiyo mashine umeizima?"

Nikaizima, nikamwonyesha. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nimeangalia maji yamefika wapi.